Mbuzi wa Nadhiri na Ndege ya Kitambaa

Ilford, 19 Aprili 2025

Mdogo wangu Jokha,

Assalaam alaykum. Kabla hujasoma zaidi nakuomba ukae kitako. Ukishakaa, mtume Miska dukani akanunue kitu chochote, maana barua hii haifai kusomwa na wawili.

Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Simu yako inaishi mkononi mwa mjukuu wako, naye husoma ujumbe wa watu kwa sauti kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Mara ya mwisho nilipokuandikia kuhusu tumbo langu, nilipigiwa simu za pole kutoka Mkoani.

Jambo lenyewe ni la yule mbuzi. Wifi yako Mardhiya ameniambia kuwa umemchinja Ijumaa, watoto wa chuo cha Kurani wamekula wakashiba, na wameniombea dua. Mungu akulipe. Ila, mdogo wangu, mbuzi yule amechinjwa mapema kidogo.

Niruhusu nieleze kwa utaratibu. Unajua kuwa kwa miaka mingi, mimi na wenzangu watatu tulikuwa na ndege moja ya viti vinne, na kila mwisho wa wiki mmoja wetu akiirusha. Sasa mmoja amehamia Ureno kwa binti yake, wa pili magoti yamekataa, na wa tatu amepata mke mpya asiyependa kelele. Mtu mmoja kurusha ndege ya viti vinne ni sawa na kukodi ukumbi wa arusi ili unywe chai peke yako. Tukaiuza.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Mardhiya anakaanga sambusa. Nikamwambia, "Ndege nimeiuza." Unanijua, mimi nilisomesha fizikia, sina desturi ya kusema sentensi moja. Sentensi ya pili ilikuwa tayari mdomoni: kwamba nimejiunga na klabu nyingine ili nijifunze kurusha ndege nyepesi za starehe. Lakini nilipofungua mdomo, mke wangu alikuwa ameshashuka sakafuni, jikoni pale pale, anasujudu sajda ya shukrani. Aliponyanyuka machozi yanamtoka. Ndipo nikajua habari ya nadhiri: kwamba tangu binti yetu Sundus yuko skuli ya msingi, mama yake aliahidi kwa Mungu kuwa siku nitakayoacha kurusha ndege, mbuzi atachinjwa Wete. Wakati natafuta pa kuingizia sentensi yangu, alikuwa ameshakupigia simu.

Je, nimesema uongo? Hapana. Nimesema nusu ya kweli, na nusu ya pili haikupewa nafasi.

Sasa nikueleze hiyo ndege, kwani najua unataka kujua. Chukua baiskeli ya magurudumu matatu. Weka kiti cha mbele na kiti cha nyuma, kimoja mgongoni mwa kingine. Nyuma yake funga injini na pangaboi. Halafu juu tundika bawa moja la kitambaa, kubwa, limenyooka kama kanga iliyopigwa pasi. Haina mlango, haina dirisha, haina paa. Upepo unakupiga usoni na ardhi unaiona kati ya viatu vyako. Jokha, nimerusha ndege miaka thelathini, na kumbe miaka yote hiyo nilikuwa nimekaa ndani ya kabati.

Nitamwambia Mardhiya. Natafuta siku inayofaa tu. Mpaka hapo, hii ni amana.

Kaka yako,
Ameir


Wete, 11 Mei 2025

Kaka Ameir,

Wa alaykum salaam. Nilikaa kama ulivyoniagiza, na ni kheri nilikaa.

Mapema kidogo! Kaka, maembe huchumwa mapema kidogo. Mbuzi hachinjwi mapema kidogo. Nilimchagua mwenyewe, dume lenye ndevu, lilikuwa likinitazama kama linajua. Watoto wa chuoni wamekula mpaka mmoja akatapika. Na wewe uko juu ya baiskeli ya kuruka!

Nilikosa usingizi, nikaenda kwa Maalim Hussam kuuliza bila kutaja jina. Nikasema, "Maalim, ikiwa mtu kachinja mbuzi wa nadhiri kwa jambo alilodhani limekwisha, kumbe halijakwisha, inakuwaje?"

Akasema, "Mbuzi huyo ni sadaka tu, na ujira wake upo. Nadhiri bado, mpaka jambo lenyewe litimie. Kwani Ameir bado anarusha?"

Nikasema, "Mimi sikutaja Ameir. Ni mtu wa mbali."

Akasema, "London ni mbali."

Basi umesikia. Amana yako nimeipokea na sitamwambia mtu, lakini nakwambia wewe: mwambie mkeo. Huna shida ya maneno. Siku ya arusi yangu, bwana arusi yuko mlangoni, wewe ulinisimamisha ukanieleza kwa nini mwezi hauanguki. Leo unashindwa kumaliza sentensi moja?

Na hiyo ndege isiyo na mlango, ukipiga chafya inakuwaje?

Mdogo wako,
Jokha


Ilford, 15 Mei 2025

Wifi yangu Jokha,

Nakusalimu, mlango wa jikoni nimeufunga. Simu sikuitaka kwa sababu unayoijua, na jambo hili likifika kwa Miska litafika Chake Chake kabla ya magharibi.

Wifi, kaka yako anaoa.

Usiseme nimechanganyikiwa. Nisikilize. Tangu ile shukrani ya mbuzi, nilidhani Mungu amenipa raha ya uzeeni, mume yuko ardhini, Jumamosi tutakwenda sokoni pamoja. Badala yake, mume ameacha kula. Nampikia biriani, anatenga nyama pembeni anakula wali vijiko viwili. Nimemfanyia mkate wa kumimina, kipenzi chake, akaunusa. Akaunusa, wifi, akarudisha sahani! Kila asubuhi yuko juu ya mizani chooni, kabla ya kuoga na baada ya kuoga, kana kwamba maji yana kilo. Baada ya alfajiri anazunguka bustani ya mtaa mbiombio, mtu wa miaka sitini na tisa.

Jumamosi haonekani. Nikimwuliza anasema, "Nakwenda kupunga hewa." Anapanda treni, anarudi jioni mashavu mekundu, anaimba.

Lakini hayo ningeyavumilia. Juzi nimemkuta chumbani mbele ya kioo, kashika mpini wa ufagio kwa mikono miwili. Anausukuma mbele, anauvuta kifuani, anauinamisha huku na huku, macho kayafumba, anatabasamu. Wifi, mimi ni mtoto wa Kiunguja, najua mwanamume akishika fimbo namna ile anafanya nini. Anajikumbusha kirumbizi! Anataka kucheza bakora kwenye arusi yake mwenyewe!

Nikamwambia tu, "Mashallah, mabega bado yana nguvu," nikatoka nikaenda kulia jikoni.

Kisha simu yake ikalia mezani. Sikuichungulia, ilikuwa imelala uso juu. Jina: Leena. Maneno ya Kiingereza: nguo zako zimefika, njoo Jumamosi tuone kama zinakukaa. Na mwisho wake kopa jekundu. Kopa, wifi! Mimi katika miaka arubaini na mbili ya ndoa sijapata kopa hata kwenye karata.

Usimwambie kaka yako kuwa nimejua. Nakupa amana. Naangalia tiketi za kurudi kwetu. Mke mwenza siwezi, bora nije nikae nawe tuchambue mchele.

Wifi yako mwenye majonzi,
Mardhiya


Ilford, 9 Juni 2025

Mdogo wangu Jokha,

Barua yako imefika. Kuhusu chafya: kofia ina kioo mbele, kwa hiyo anayeumia ni mpiga chafya mwenyewe.

Nakushukuru kwa ushauri wako na ninaufanyia kazi. Ila kwanza nikueleze tatizo la kitaalamu, kwa sababu hakuna mtu mwingine ninayeweza kumweleza.

Katika ndege za kawaida, ukitaka kupanda juu unavuta usukani kifuani. Ukitaka kushuka unasukuma. Mkono wangu umefanya hivyo miaka thelathini, hata usingizini. Katika ndege ya kitambaa hakuna usukani. Kuna bomba mbele yako lililoshikana na bawa. Na kila kitu ni kinyume. Ukitaka kupanda unasukuma, ukitaka kushuka unavuta. Hata ukiwa chini, miguu inageuza gurudumu upande usioutarajia. Asiyejua kitu hujifunza upesi, lakini anayejua sana, kama mimi, hana budi asahau kwanza, na hakuna skuli inayofundisha kusahau.

Mwalimu wangu anaitwa Rajesh. Anakaa Kingsbury, kazaliwa Mombasa, na akikasirika Kiingereza kinamkimbia. Yeye hukaa kiti cha nyuma, mimi mbele. Somo la kwanza tulikuwa tunatua, ardhi inakuja, mimi nikavuta ili niinue pua. Ndege ikainamisha pua kama kuku aliyeona punje.

"Sukuma!" Rajesh akapiga kelele kwa redio iliyomo ndani ya kofia yangu. "Wavuta nini, mzee? Sukuma bwana, sukuma! Watuua, na mimi nyumbani nimeacha dengu motoni!"

Nikasukuma. Tukatua vizuri, ila Rajesh akaniuliza kwa upole kama mkono wangu unaweza kusomeshwa peke yake nyumbani. Ndiyo maana nafanya mazoezi na mpini wa ufagio mbele ya kioo. Mardhiya alinikuta, nikadhani siri imetoka, lakini akasifu mabega yangu akaenda zake.

Tatizo la pili ni uzito. Ndege hii haimsamehe mtu. Mafuta, rubani na abiria vinapimwa pamoja, na jumla ikizidi, hamruki. Siku ya kwanza Rajesh alitazama mizani, akanitazama mimi, akajitazama na yeye. Akasema, "Mmoja wetu lazima apungue, na mke wangu mimi ni mpishi." Basi napungua mimi. Ni jihadi kubwa, kwani Mardhiya siku hizi anapika kupita kiasi. Kila siku kuna kitu kipya cha tui. Amekuwa mpole, ananitazama kwa huruma, haniulizi ninakokwenda. Nadhani ameanza kuufurahia uzee wetu. Moyo unanisuta kumharibia raha hiyo.

Nguo zangu za kurukia zimefika. Leena, binti wa Rajesh anayeshughulikia ofisi ya klabu, aliniagizia. Nikizivaa ninafanana na godoro lililofungwa kamba. Msichana mwema sana, hata risiti ya mafuta anaitia mchoro wa moyo.

Nikisharuka peke yangu nitamweleza Mardhiya yote. Nimeshaanza kuandaa mchoro.

Kaka yako,
Ameir


Wete, 30 Juni 2025

Wifi yangu Mardhiya,

Barua yako niliisoma mara tatu, na mara zote tatu nilitoka nje kupata hewa.

Kwanza, usikate tiketi. Pili, usimpikie biriani tena, unamtesa bure. Tatu, nisikilize mimi niliyelelewa naye nyumba moja. Kaka Ameir akitaka kununua viatu hueleza ngozi inavyotengenezwa. Mtu kama huyo hawezi kuposa kwa siri. Angemkalisha mposwa akamweleza asili ya ndoa tangu Nabii Adamu, na mwanamke angekimbia. Zaidi ya hayo sina la kusema, na usiniulize kwa nini sina.

Lakini najua moyo ukishashuku hautulii kwa maneno ya wifi. Kwa hiyo fanya lile ambalo wewe hulifanya ukibanwa. Weka nadhiri. Na safari hii tusifanye haraka kama kwa yule mbuzi. Nadhiri iwe na maneno kamili. Tia udhu, sali rakaa mbili, kisha useme hivi: "Ya Rabbi, ikiwa huko aendako Jumamosi hafuati mwanamke, basi jambo lolote analolifuata huko sitamkataza, na nitakwenda naye mara moja nikalione kwa macho yangu." Sema neno kwa neno, usiongeze, usipunguze.

Halafu nenda ukaangalie. Sundus ana gari.

Wifi yako akupendaye,
Jokha


Wete, 30 Juni 2025

Kaka Ameir,

Hii nimeifunga katika bahasha nyingine na nimempa msafiri mwingine, kwa sababu ninazozijua mimi.

Mwambie mkeo. Mimi nimekuwa kama mtungi, ninatiwa maji pande mbili na sina pa kumwagia. Siwezi kukueleza zaidi, kwani amana ni amana. Nakwambia hivi tu: unadhani anakutazama kwa huruma. Kaka, ulisomesha watoto wa watu miaka mingi, lakini uso wa mke hukuufanyia mtihani.

Mchoro uache. Ufagio urudishe jikoni. Mwambie leo, kwa maneno machache kuliko unavyodhani.

Jokha


Ilford, 24 Julai 2025

Wifi yangu Jokha,

Nimeifanya nadhiri, neno kwa neno kama ulivyoandika. Tena nimesema kwa sauti, Sundus akiwa shahidi. Mwanangu akanijibu kwa hicho Kiingereza chake kuwa familia hii inahitaji daktari, lakini atanipeleka, kwani kituo anachoshukia baba yake tumekiona kwenye tiketi ya treni.

Kaka yako jana alikuja jikoni, akavuta kiti, akasema, "Mardhiya, kuna jambo nataka nikueleze. Ili ulielewe, lazima tuanze na hewa ni kitu gani." Nikajua sasa anataka ruhusa ya kuoa, na anaanza mbali ili nichoke. Nikasema kichwa kinaniuma, nikaenda kulala.

Jumamosi ya tarehe tisa nitavaa buibui langu zuri kuliko yote. Huyo Leena, akiniona, ajue nyumba anayoiingia ina mwenyewe.

Niombee,
Mardhiya


Ilford, 10 Agosti 2025

Mdogo wangu Jokha,

Nimekaa kukuandikia nikiwa nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Aprili.

Jana niliruka peke yangu. Nilipangiwa kuzunguka uwanja na kutua, na Rajesh alisimama chini na redio. Bila mtu wa nyuma ndege ilikuwa nyepesi kama imesahau kitu. Nilizunguka juu ya mashamba ya ngano, nikamwona ng'ombe mmoja akininyanyulia kichwa, kisha nikaja kutua. Mkono ukataka kuvuta, na mimi nikaukatalia. Nikasukuma. Magurudumu yakagusa majani taratibu, mimi nikapiga takbiri ndani ya kofia, na Rajesh akanijibu kwa redio, "Hata mimi nasema hivyo hivyo, mzee!"

Nikageuza ndege kuelekea bandani. Na pale kwenye ua, amevaa buibui la Idi, mkoba mkononi, amesimama Mardhiya. Sundus yuko pembeni yake, anatazama viatu.

Nilishuka nikiwa godoro zima, na kofia kichwani. Hakunitambua. Alinipita! Akamwendea Rajesh akasema kwa Kiswahili, bila hata kujua kama anakijua, "Yuko wapi Leena?"

"Leena?" Rajesh akasema. "Yuko ofisini, mama. Leena! Mgeni wako!"

Leena akatoka na buti za matope na bilauri ya chai, nywele zimesimama, umri wake sawa na Sundus. Akampa Mardhiya ile chai kabla hajaulizwa. Mardhiya akamtazama juu mpaka chini, na chini mpaka juu.

"Wewe ndiye unayemnunulia mume wangu nguo?"

Leena, ambaye kwa Kiswahili anajua majina ya vyakula tu, akamtazama baba yake. Rajesh akaninyooshea kidole. "Nguo zenyewe ni zile pale, mama. Na mumeo yumo ndani."

Nikavua kofia. Jokha, nimepita mitihani mingi na wakaguzi wa kila aina, lakini sijawahi kutazamwa vile. Alinitazama mimi, akaitazama ndege, bawa, magurudumu. Nikaanza, "Mardhiya, ili uelewe, hewa ni..."

Akainua mkono. "Siku ile jikoni ulitaka kusema kitu cha pili. Kiseme sasa. Kimoja tu."

Nilikuwa na maelezo ya kurasa tano mfukoni, pamoja na mchoro. Nikatafuta ndani yake sentensi moja. Nikasema, "Sikuacha."

"Na mwanamke?"

"Mwanamke gani?"

Basi akakaa kwenye majani na buibui lake la Idi, akasema alhamdulillahi, akacheka mpaka mkoba ukamwagika. Akamwambia Leena kwa Kiingereza kuwa yeye ni mtoto mzuri na ale zaidi. Nikadhani yameisha. Mara nikaona furaha inamtoka usoni, kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha jiko linawaka. Akaitazama ndege upya, polepole, hasa kile kiti cha nyuma.

"Sundus," akasema, "nilisema vipi kwenye ile nadhiri?"

Sundus akarudia yote, kwa Kiswahili fasaha ambacho sijamsikia akikisema tangu azaliwe. Mpaka kwenye neno macho yangu.

Jokha, nilitambua mkono wako. Mke wangu akiweka nadhiri mwenyewe huishia kwenye mbuzi. Ile ilikuwa na vifungu.

Rajesh hakupoteza wakati, akaleta mizani. Nadhiri ni nadhiri, akasema, hata kwa Wahindi. Akampima Mardhiya, akanipima mimi, akajumlisha mafuta, akaandika, akafuta, akaandika tena. Kisha akasema, "Imeenea. Lakini kwa ule mwili wako wa Aprili, mzee, mama angebaki chini."

Niliisoma ile karatasi mara mbili. Mapaja yote ya kuku niliyoyakataa, ule mkate wa kumimina niliounusa tu, kumbe nilikuwa namwachia mtu nafasi bila kujua ni nani.

Jana hatukuruka, upepo ulibadilika na Rajesh bado hajanitilia saini ya kubeba abiria. Tukarudi nyumbani kwa gari la Sundus. Mardhiya alinuna mpaka tulipofika Romford. Kisha akasema, "Miezi mitatu umeniacha nikilia jikoni." Sikueleza. Nilimwomba radhi nikanyamaza, na kunyamaza ndiko kulikofanya kazi. Usiku alinipakulia mkate wa kumimina kipande chembamba kama karatasi. "Kula," akasema. "Kimepimwa."

Kaka yako,
Ameir


Ilford, 31 Agosti 2025

Wifi yangu Jokha,

Wewe! Wewe mtungi! Ulikuwa unajua tangu mwezi wa nne, na mimi nakuandikia machozi yangu na wewe unayaweka kwenye kabati moja na michoro ya kaka yako. Nimekasirika siku mbili. Siku ya tatu nilijaribu kutafuta ni amana ipi uliyoivunja, yangu au yake, nikakosa. Hukumwambia yeye, hukuniambia mimi, na umetupeleka wote wawili unakotaka. Ungekuwa mwanamume ungekuwa kadhi.

Sasa nikueleze, maana kaka yako akieleza utasoma habari ya upepo kurasa mbili na mimi nitatajwa mwisho.

Jana tumekwenda. Walinivisha godoro langu, Leena alilifunga kila kamba mara mbili, kwa sababu nilimwomba hivyo. Nikatia mtandio chini ya kofia. Wakanipandisha nyuma ya kaka yako, magoti yangu huku na huku kwa mbavu zake. Wifi, mara ya mwisho kukaa nyuma yake namna ile ilikuwa kwenye vespa ya mjomba wake, Ng'ambo kule Unguja, tumetoka kununua kitambaa cha arusi, na mafuta yakatuishia. Nikamwuliza, "Mafuta umetia?" Ndani ya kofia kuna redio, kila mmoja anamsikia mwenzake. Akasema, "Nimetia. Niruhusu nikueleze jinsi mafuta yanavyo..." Nikasema, "Ameir, endesha."

Injini ikanguruma. Nikaanza Ayatul Kursiy, kwa sauti, na nilipofika mwisho nikaanza tena. Nilimshika kiuno mpaka akasema, "Bi Mardhiya, nahitaji kupumua, ndimi rubani." Nyumbani nikisema sana yeye huhamia chumba kingine. Kule juu hana chumba kingine, wifi. Nimemwambia yote. Nimemwambia ya ule ufagio, na kirumbizi, na kopa jekundu, na ile siku ya hewa ni kitu gani. Akacheka mpaka ndege ikacheza, nikampiga kofi la bega. Kisha akasema, "Nilikuwa naogopa utanikataza." Nikasema, "Ningekukataza." Akasema, "Najua." Tukazunguka hivyo hivyo.

Tulipotua alinishika mkono kunishusha, kama mtoto anayesubiri zawadi, akaniuliza, "Umeonaje?"

Na hapo ndipo shida ilipo, na ndiyo sababu ya barua hii. Sikuona kitu. Nilifumba macho tangu magurudumu yalipoondoka mpaka yaliporudi. Sijaona shamba, sijaona mto, hata huyo ng'ombe wake anayemsifu sijamwona. Kaka yako akasema haidhuru, nadhiri imetimia. Nikamwambia imetimia vipi, na wifi yangu ameandika "kwa macho yangu"?

Usiende kumwuliza Maalim Hussam, kwani atauliza kama ni mimi, na utasema ni mtu wa mbali. Na mbuzi mwingine usichinje. Yule wa kwanza, mwambie Maalim nimemhesabu kuwa ni wa kutua salama, hata kama alitangulia. Hali hazijambo nyumbani. Mume anakula nusu, mimi namalizia nusu, kwa hiyo tumekubaliana kuwa mizani ya chooni sasa ni ya wote wawili.

Jumamosi tunarudi. Safari hii nitafumbua jicho moja.

Wifi yako,
Mardhiya